Mvumo Chini ya Kinanda

3 Machi, mwaka wa ishirini na tisa tangu niondoke

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ndani ya jora la kitambaa cha mapazia, kama ulivyopanga. Mchukuzi wako, Mama Vitambaa, hakukubali hata kikombe cha chai. Alinikabidhi mlangoni, akatazama ngazi, akaondoka. Niliisoma nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Mwandiko wako ni wa marehemu baba yako, mkia wa kila herufi umekatwa kwa hasira, na kwa muda nilidhani ni mdogo wangu ananiandikia kutoka huko aliko.

Nilikuacha hujaota meno. Sasa unaniambia bendi ni yako.

Nimeelewa hivi, unisahihishe. Shemeji, mume wa shangazi yako, aliyeshika besi tangu tulipokuwa vijana wanne na gita moja la kuazima, aliiacha bendi mwaka jana. Ameteuliwa kwenye ile ofisi ya vibali, anakaa kitini na kusikiliza kila santuri inayotaka kutoka, na neno lake ndilo linalopitisha au kuzuia. Besi umeichukua wewe. Kobe bado yuko kwenye ngoma. Gita analo daktari wa meno. Na baada ya miaka yote ya kupiga nyimbo za harusi na za hotelini, mnarudi kwenye roki tuliyoianza sisi, ile ndefu isiyo na haraka ya kufika kwenye kiitikio, inayokwenda mapigo saba pale watu wanapotarajia manne.

Na unataka niwapigie kinanda dakika kumi.

Amri unaijua? Kanda za kabla sijaondoka zinaruhusiwa, mradi jina langu lisiandikwe. Kazi yoyote mpya yenye mkono wangu ni kosa, na aliyewasiliana nami ana hatia sawa na yangu. Yule aliyekuwa akituchapia mabango alifungwa kwa kadi ya pole aliyonitumia mama alipofariki. Kadi yenyewe ilikuwa na picha ya maua.

Huku watu hawabishi hodi, wanabonyeza kengele. Hadi leo ikilia nazima redio kwanza, nasimama kando ya kabati, nasubiri ilie mara ya pili. Nina mvi hadi kwenye nyusi na bado nafanya hivyo. Basi usidhani hofu yangu ni ya kuisimulia tu.

Niambie huo muziki ni wa nini. Kisha nitakataa kwa heshima.

Baba yako Mkubwa


22 Machi

Baba Mkubwa, shikamoo.

Kobe amecheka mpaka fimbo ya ngoma imemdondoka. "Padri hajabadilika," anasema. "Hata siku ya kuposa angeanza na hapana." Nimemwuliza kwa nini Padri, akasema ulijifunzia kinanda kanisani na ulikuwa unapiga hata nyimbo za mapenzi kama unamsindikiza maiti. Samahani. Nimeambiwa nikufikishie hivyo hivyo.

Albamu inaitwa Kabla ya Hodi. Upande wa kwanza una nyimbo tatu, hizo ni za kumpa msikilizaji kiti. Upande wa pili ni wimbo mmoja tu, mwanzo mpaka mwisho. Ni nyumba moja, asubuhi moja. Waliomo wanajua kuna mtu atakuja mlangoni, hawajui ni nani. Mama anaendelea kupiga pasi. Mtoto anaulizwa hesabu. Hakuna anayeimba, tunasikia tu watu wakiongea vitu vidogo: chumvi iko wapi, soksi ya pili iko wapi, nani amefungua dirisha. Ngoma ya Kobe inakwenda saba, besi yangu inakwenda tano, na tunaangukia pamoja kila mtu anapotazama mlango. Mume wa shangazi alipokuwa kiongozi nilimpigia kipande chake. Akaniambia, "Binti, watu wanataka kucheza, hawataki kukumbushwa." Wiki chache baadaye akateuliwa.

Katikati pana nafasi ambayo gita haiwezi kuijaza. Dentisti amejaribu, amesikika kama anang'oa. Panahitaji sauti ya mtu aliyekwisha kuondoka nyumba hiyo lakini bado anawekewa sahani. Kobe akasema, "Huyo ni Padri."

Kuhusu ofisi, tutasema ni kanda ya zamani. Hapa kuna kabati zima la kanda zenu, zimeota ukungu, nani atabishana na ukungu? Na tukiulizwa juu yako, hatujui uko wapi, hatujui kama u hai. Nimejizoeza mbele ya kioo. Ninaongopa vizuri, hata mimi nimejionea huruma.

Naogopa, sikufichi. Lakini nimeogopa tangu nipate akili, na hofu hiyo haijawahi kunifanyia kazi yoyote. Sasa angalau nimeipatia.

Mwanao,
Sindano
(Ndilo jina langu bendini, kwa ajili ya wembamba. Kobe anadai ni kwa ajili ya ulimi.)


14 Aprili

Sindano, mwanangu,

Kanda ni hii. Usinishukuru.

Nimepiga kwenye kinanda cha umeme nilichokinunua kanisa dogo la mtaa huu lilipofungwa. Nakaa juu ya duka la dobi, na dobi mwenyewe aligonga dari yake kwa ufagio. Aliendelea kugonga, na nadhani mwishoni alikuwa ameshika mapigo.

Nimekuwa mwangalifu. Nimepiga kwa mkono wangu wa ujana, bila chochote nilichojifunza huku. Sikuhesabu kwa sauti, sikukohoa. Dirisha nililifunga ili magari yasiingie. Kanda yenyewe ni ya aina ile ya zamani, nimeipata kwa fundi redio. Kila kitu nimekipitia kama mtu anayefuta nyayo zake mwenyewe.

Ulisema mtu anayewekewa sahani. Nilipomaliza niliiacha mashine ikizunguka nikabaki nimekaa. Kwa kitambo kidogo sikujua niko nchi gani. Sijapiga hivyo tangu tulipokuwa sote, na kwa haki ya Mungu, sidhani kama hata wakati ule nilipiga hivyo.

Choma barua hii. Zote, zichome.

Baba yako Mkubwa


2 Juni

Baba Mkubwa, shikamoo tena na tena.

Ningekuwa na namna ya kukufanya usikie! Tulipoiweka kanda yako Dentisti alivua miwani. Kobe alitoka nje, akasema moshi umemwingia machoni. Hakuna anayevuta sigara humu. Shangazi hajui lolote, lakini nilipokwenda kumwona (miguu yake haimbebi tena) nilijikuta napiga mluzi kipande chako, akanitazama mpaka nikanyamaza.

Sasa nikueleze mwisho, maana ndio ninaojivunia kuliko yote. Ulipomaliza kupiga hukuzima mashine. Kuna ule mvumo wa umeme, sauti ya chini inayotoka kwenye spika kabla mtu hajagusa kitu. Fundi wa studio alitaka kuukata. Nikamwambia acha kwanza. Nikawasha spika yetu, nayo ikavuma mvumo wake, na hiyo miwili haikupatana! Ikaanza kugombana, sauti ikawa inatetemeka kama meno ya mtu mwenye baridi. Hatukugusa chombo. Albamu inaishia hapo: familia imenyamaza, kinanda kimenyamaza, imebaki mivumo miwili ikitetemeka, halafu kimya. Hodi yenyewe haisikiki. Dentisti anasema hakuna bendi iliyowahi kuthubutu kufunga hivyo. Mimi nasema hatukuthubutu, tulipewa.

Tumekwisha kuipeleka ofisini kuombewa kibali. Imeangukia kiti cha mume wa shangazi. Kobe anaona ni bahati: damu haigeuki maji.

Mwanao,
Sindano


19 Juni

Mwanangu,

Irudisheni. Semeni kanda imeharibika, semeni mmeghairi, semeni Kobe amekufa. Irudisheni leo, mkate dakika za mwisho, mpeleke nyingine.

Kosa ni langu. Nilifunga dirisha sauti ya mtaa isiingie, nikasahau umeme wa ukutani. Umeme wa nyumbani na umeme wa huku hautetemeki kwa kasi moja. Wa huku ni mwepesi zaidi, kwa hiyo mvumo wake uko juu, kiasi cha funguo tatu za kinanda. Mivumo yenu imegombana kwa sababu haikuzaliwa nchi moja. Kanda ya zamani, iliyorekodiwa hapo studio, ingevuma sawasawa na spika yenu. Umemalizia albamu kwa sauti inayosema niko wapi.

Wengine wote kwenye ofisi ile wangeusikia wakadhani ni hitilafu. Shemeji si wao. Tulipoanza hatukuwa na kitu cha kulinganishia ala zetu. Tulichofanya ni kuwasha spika, kuiacha ivume, na yeye anakaza nyuzi za besi mpaka zilingane na mvumo, kisha sisi tunamfuata. Kila jioni, kila ukumbi, alikuwa ameweka sikio kwenye spika na kutuinulia kidole tusiongee. Mvumo wa nyumbani anaujua kama mtu anavyojua kikohozi cha mkewe.

Dobi akiburuta kikapu chake nadhani ni watu wanapanda.

Nijibu. Hata mstari mmoja.

Baba yako Mkubwa


28 Juni
(kwa posta)

Shemeji,

Salamu nyingi baada ya miaka mingi. Anwani yako usihangaike nimeipataje. Nakuandikia kama ndugu, kwenye karatasi ya nyumbani.

Kuna kazi ya vijana wa bendi yetu ya zamani imefika mezani kwangu. Upande wa pili ni kipande kimoja kirefu, hakiimbwi, kinaishia kwenye mvumo wa mashine, na kina kinanda. Sikuhitaji kuambiwa ni cha nani. Wanasema ni kanda ya kabla hujaondoka, na kama ni hivyo sheria haina neno. Lakini dakika za mwisho nimezirudia mara nyingi kuliko kazi inavyodai. Unanijua, unajua nimesikia nini.

Kobe anasema waliikimbiza kanda, yaani waliizungusha kwa kasi ili isikike ngeni, ndiyo maana mvumo umepanda. Huenda. Mimi sikio langu si ushahidi, na wakubwa zangu hawataki masikio, wanataka kitu cha kushika.

Dada yako miguu imekataa. Hulia kwa jambo dogo, kisha huuliza utakuja lini. Nimeulizia: kwa mtu wa umri wako ruhusa ya kurudi haishindikani. Ukija, ukaeleza mwenyewe kwa mdomo wako kinanda kilipigwa lini na wapi, mambo ya watoto yatakuwa mepesi. Kama huwezi kuja, nataka jibu la maandishi, lenye sahihi yako.

Sindano yuko kwetu ofisini tangu jana, anatusaidia maelezo. Anakula vizuri. Faili lake linasubiri kusikia kutoka kwako.

Shemeji yako


6 Julai

Kobe,

Barua hii anakuletea mtawa anayekuja kumzika mama yake. Haulizi maswali. Mama Vitambaa nilimwona wiki hii sokoni, akavuka barabara asinitazame usoni, nikajua anwani yangu ilitokea wapi. Simlaumu. Ana watoto watatu huko.

Shemeji ameniandikia. Wanamshikilia mtoto. "Anakula vizuri," ameniandikia hivyo, na tangu hapo kila tonge ninalotia mdomoni nauona mkono wake ukisukuma sahani.

Nimenunua tiketi. Naondoka tarehe ishirini. Nimemwachia dobi ufunguo. Nitawaambia kanda ni yangu, nilipiga huku, nikawatumia bila wao kuomba. Wanishike mimi. Mimi nimeishi, na sehemu kubwa ya kuishi kwangu nimeitumia kando ya kabati. Yeye ametengeneza muziki ambao sisi wanne tulikuwa tunauzungukazunguka bila kuugusa. Isitoshe nitamwona dada. Mtu akae miaka ishirini na tisa akijiuliza angerudi kwa sababu gani, kisha sababu yenyewe imjie kwa posta!

Nitafutie koti. Nimesahau nyumbani huwa na baridi kiasi gani mwezi huu.

Padri


11 Julai

Padri, we mzee, rudisha tiketi.

Mtawa wako anaondoka kesho asubuhi kwa hiyo nisikilize bila kunikatiza, kitu ambacho hujawahi kukifanya.

Onyo lako lilifika wakati mtoto yumo ndani ya gari yao. Hiyo habari ya kuikimbiza kanda niliibuni palepale mlangoni, na nilipoisoma barua yako baadaye ndipo nikajua kwamba nimebuni vizuri. Ukiikimbiza kanda mvumo hupanda, na kinanda nacho hupanda. Hakuna wa kuthibitisha vinginevyo, ila mtu mmoja, Shemeji.

Nilikwenda kwake. Akanikaribisha sebuleni, akafunga mlango wa chumbani ili dada yako asisikie. Nikamwambia, "Bwana, tumekula chungu kimoja. Unataka Padri aje, au unataka akatae?" Akaiangalia spika yake ya zamani, anaiwekea kitambaa na chombo cha maua juu. Akasema, "Nataka jibu, Kobe. Nipe jibu la kuweka mbele ya watu." Nikamwuliza mara ya pili. Akasema chai inapoa. Nimempigia ngoma huyu mtu maisha yangu yote, nilikuwa najua atavuta pumzi wapi, na sikuweza kujua kama ametuuza au anatutafutia upenyo.

Lakini hili najua. Sindano amewaambia hajawahi kupata hata neno kutoka kwako, hajui kama u hai. Wamemwuliza asubuhi, wamemwuliza mchana, wamembadilishia waulizaji, amesema hilo hilo. Dentisti pia. Mimi pia. Mama Vitambaa amewapa anwani tu, barua hawana, wangekuwa nazo wasingeendelea kuuliza. Sasa wewe ushuke kwenye ndege na koti la kuazima, umetoka ng'ambo, useme "kanda ni yangu, niliwatumia." Uliwatumia kwa mkono wa nani? Hapo hapo sote watatu tumekuwa waongo, na wewe utakuwa umetuletea ushahidi kwa miguu yako. Hawatakushika badala yake, watawashika wote. Unadhani ukija unamkomboa, kumbe ndio unamfunga.

Mwandikie Shemeji. Kwa posta, bahasha ya kawaida, uandike kama barua itakayosomwa na watu kumi, maana itasomwa na watu kumi. Ikane kanda. Nikane mimi, sitanuna. Mkane mtoto. Kama kuna mahali pamebaki upenyo, mwoneshe Shemeji kwa upole, ajifanye ameuona mwenyewe. Siku walipomchukua aliniambia pale kwenye ngazi, akifunga viatu taratibu kuliko kawaida, "Mwambie Baba Mkubwa asione haya kunikana."

Dada yako nitamwambia mimi. Sijui nitamwambia nini.

Kobe


18 Julai

Shemeji,

Salamu. Barua yako ya tarehe 28 Juni imenifikia, nami nimeshangaa sana kukumbukwa.

Umeniuliza juu ya kinanda. Ninalo swali lako mbele yangu, nalijibu kwa utaratibu. Tangu nilipofika huku sijagusa kinanda. Mwanzoni sikuwa na uwezo wa kukinunua, baadaye vidole vilikakamaa, na sasa hata hamu imeniisha. Nyumba ninayokaa ni chumba kimoja juu ya duka la dobi, haina mahali pa kukiweka. Kama vijana wamepata kanda yenye mkono wangu, ni ya zamani, na zamani tulirekodi nyingi kuliko tulizotoa. Wewe ndiye uliyekuwa ukizipanga kabatini, utakumbuka kuliko mimi.

Hilo la mvumo nimelifikiria kwa kuwa umelitaja. Kanda ikikimbizwa, kila kilichomo hupanda pamoja, mvumo pia. Utakumbuka kwenye santuri yetu ya pili tuliikimbiza besi yako kwa makusudi, ukasema imekuwa kama nyuki ndani ya chupa, ukakataa kupokea pongezi za mtu yeyote kwa ajili yake. Mvumo ulipanda siku ile vilevile, na tulikuwa hatujatoka nje ya mlango wa studio. Unaweza kuwaeleza wakubwa wako hivyo kwa uzoefu wako mwenyewe, huna haja ya neno langu.

Kobe namkumbuka kama mtu wa kuchelewa. Sina habari zake. Huyo unayemwita Sindano nadhani ni binti wa marehemu mdogo wangu. Nilimwacha hajaota meno. Sijawahi kumwandikia wala yeye hajawahi kuniandikia, na ningekutana naye njiani ningempisha tu kama mpita njia yeyote. Muziki wake sijausikia. Kwa jinsi unavyoueleza, mrefu, hauna wimbo, unaishia kwenye hitilafu ya mashine, sidhani ningeupenda. Ni mambo ya vijana, hayana nia mbaya wala nzuri. Ningekuwa kwenye kiti chako ningeupitisha na kwenda kula.

Dada yangu mwambie nimepokea salamu zake. Mwambie nami miguu yangu si ile. Usimwambie zaidi, atalia, na wewe ndiye utakayekaa naye.

Nakushukuru kwa kuniulizia ruhusa. Ni ukarimu, nami nimeuelewa kama ukarimu. Lakini mtu wa umri wangu akishazoea ngazi zake huzizoea. Huku nina daktari anayenijua na duka la vitabu linaloniruhusu kusoma bila kununua. Sina jambo la kueleza ambalo sikulieleza hapa, na hakuna mtu huko ambaye nina la kumwambia ana kwa ana.

Sahihi yangu ni hiyo hapo chini, kama ulivyotaka. Sitarudi.

Shemeji yako wa zamani